Kamera kuukuu haifi, hudanganya

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu alibisha hodi ofisini mwangu, akiwa amekumbatia kifurushi mithili ya mtu aliyebeba mayai. Nilidhani amekuja kulalamikia alama za insha yake ya fonolojia. Kumbe sivyo. Alifungua kifurushi chake, leso kuukuu iliyofifia rangi, akatoa kamera ya filamu iliyokuwa ya marehemu babu yake. Ilikuwa ndani ya mkoba wa ngozi uliopasuka, unaonuka uvundo wa sanduku lililofungwa miaka.

"Daktari," akaniambia, "nimesikia kwamba wewe unazijua hizi. Watu wanasema hazifi. Nataka kuanza kuitumia."

Kauli hiyo, kwamba kamera hizi hazifi, ndiyo iliyonifanya nishike kalamu juma hili. Nimeisikia mara nyingi katika miaka ya hivi karibuni, kwani vijana wameirudia filamu kwa ari ambayo sisi tulioiona ikizikwa hatukuitarajia. Hata watengenezaji wameitambua ari hiyo. Mnamo mwaka wa 2022 Leica walianza kuitengeneza upya M6, kamera iliyotoka mara ya kwanza mwaka wa 1984. Na mwaka wa 2024 ikatoka Pentax 17, kamera mpya kabisa ya filamu ambayo mpigaji huisogeza filamu kwa kidole gumba kama walivyofanya wazazi wetu. Hata hivyo, kamera zilizo mikononi mwa wengi wa vijana hao ni za zamani. Kuhusu uimara wake husemwa mengi, mengine ya kweli, mengine porojo tupu. Mimi niliwahi kuiamini porojo hiyo, na iligharimu kitu ambacho sijaweza kukilipa hadi leo.

Kwanza nikiri kwamba mimi si fundi. Mimi ni mwanaisimu, na kamera kwangu ni chombo cha kazi kama kilivyo kinasa sauti. Ila siwezi kulipita neno lenyewe bila kulitazama. Kiswahili kimelipokea neno moja la Kilatini mara mbili: tumelipata kwa njia ya 'chemba', na tukalipata tena kwa njia ya 'kamera'. Yote mawili asili yake ni chumba. Na kwa hakika kamera ni chumba tu, chumba cha giza chenye dirisha moja. Yeyote anayetaka kujua kama kamera ya zamani ni nzima anapaswa kujiuliza maswali mawili ambayo mwenye nyumba yeyote angejiuliza: je, dirisha lafunguka na kufunga kwa wakati wake? Na je, kuta zavuja?

Kamera za zamani ni za koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa kimakanika, ambao mwendo wa shata hutawaliwa na springi na gia, kama ilivyo katika saa ya kutia ufunguo. Katika ukoo huu imo Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia mwaka wa 1976 hadi 1997 na kuuzwa kwa mamilioni; imo Nikon F ya mwaka wa 1959; imo pia Nikon FM2 ya mwaka wa 1982, ambayo shata yake hufikia 1/4000 ya sekunde bila kuhitaji umeme wowote. Kamera hizi zikiwa na betri, basi ni ya kuendesha kipimamwanga tu. Betri ikiisha, kamera huendelea na kazi, nawe utakadiria mwanga kwa macho yako. Kanuni ya wazee wa kazi hii ni nyepesi: jua likiwa kali, weka tundu la lenzi kwenye 16, kisha uchague mwendo wa shata unaokaribiana na namba ya filamu. Filamu ya 100 hupigwa kwa 1/125, ya 400 kwa 1/500. Kanuni hiyo haihitaji betri, na mchana wa pwani yetu huitii vizuri.

Ukoo wa pili ni wa kielektroniki. Canon AE-1, iliyotoka mwaka wa 1976 na kupendwa mno ulimwenguni, ni mfano wake mashuhuri. Humo sakiti ndiyo inayohesabu muda, na sumaku-umeme ndizo zinazoyashika mapazia ya shata na kuyaachia. Betri ikifa, kamera nayo haifanyi lolote. Utabonyeza hadi kidole kiume. Kati ya koo hizi mbili wapo machotara, kama Nikon FE ya mwaka wa 1978, ambayo ni ya kielektroniki lakini mtengenezaji aliiachia mwendo mmoja wa kimakanika, 1/90, ili mwenyewe asikwame njiani. Huo ulikuwa uungwana.

Sasa nieleze kilichonipata.

Mwaka wa 2009 nilikwenda katika kisiwa kimoja cha kaskazini mwa pwani yetu kukusanya istilahi za waunda vyombo. Nilikuwa mtafiti mchanga. Kamera za dijitali zilikwisha kuingia nchini, ila idara niliyokuwamo haikuwa nayo ya kuazimisha. Nilipewa kamera ya filamu ya kielektroniki iliyokuwa ikikaa kabatini, nami kwa tahadhari nikabeba na ya marehemu baba, ya kimakanika, aliyoinunua alipokuwa mwalimu katika miaka ya themanini. Baba alikuwa akisema kwamba kamera ile ingenizika na mimi pia.

Mwenyeji wangu alikuwa fundi wa majahazi aliyepita miaka themanini. Tulikubaliana utaratibu ambao mwanaisimu yeyote angeuonea fahari: mzee angekigusa kila kiungo cha chombo kwa kidole, akitaje jina, nami ningenasa sauti na kupiga picha kwa wakati mmoja. Mkuku, hanamu, taruma, foromali na mengineyo yanayojulikana hayakunishughulisha sana. Nilichokitafuta ni yale majina madogo madogo ya maungio na vipande vya ndani ambayo hayamo katika kamusi yoyote.

Siku ya pili kamera ya idara ilizima. Betri yake ilikuwa ya volti 6, ya umbo la pipa dogo, na madukani mle kisiwani kulikuwa na betri za kurunzi na za redio tu. Sikufadhaika. Nilitoa kamera ya baba, nikasogeza filamu, nikabonyeza: ta! Mlio safi kabisa. Kwa siku nne nilipiga filamu tatu za picha 36 kila moja. Jua lilikuwa la kupasua mawe na mchanga ukimeremeta, kwa hiyo nyingi ya picha hizo nilizipiga kwa mwendo wa kasi, 1/500 na 1/1000.

Filamu zilipooshwa Mombasa, niliketi kwenye ngazi za nje ya duka nikazitazama mojamoja. Takriban thuluthi ya kila picha niliyoipiga kwa kasi ilikuwa giza tupu, upande mmoja, kama kwamba mtu ameteremsha pazia. Na juu ya giza hilo, katika picha nyingi, ilipita mistari ya rangi ya chungwa. Mzee alionekana vizuri. Kanzu yake ilionekana. Mkono wake ulionekana, umenyooka, kidole kikielekeza kitu fulani. Na pale kidole kilipoelekeza palikuwa na giza.

Niliazimia kurudi mwaka uliofuata. Mzee alifariki kabla sijarudi. Ninayo sauti yake hadi leo, akitaja kwa utulivu maneno manne ambayo sijapata kuyasikia kwa mtu mwingine. Niliwauliza mafundi wengine. Wawili hawakuyajua, na wa tatu alinipa maana ambayo haiwezi kulingana na mpangilio wa maelezo ya mzee. Maneno hayo sitayaandika hapa. Mwanaisimu huona haya kuchapisha neno asilojua ni jina la kitu gani.

Niliporejea Nairobi nilimpelekea kamera fundi mmoja aliyekuwa na chumba chake ghorofa ya pili, katika mtaa wa maduka ya vipuri vya redio. Nilimweleza kwa ghadhabu kwamba kamera iliyosemekana haifi imeniaibisha. Hakunijibu. Aliitoa lenzi, akafungua mgongo wa kamera, akaielekeza dirishani na kuniambia niweke jicho. Akabonyeza kwa 1/60: nikaona mraba mzima wa mwanga. Akabonyeza kwa 1/1000: nikaona upande mmoja tu ukimulika, na wa pili ukabaki mweusi.

"Mwalimu," akaniuliza, "saa ya babako hupelekwa kwa fundi?"

"Hupelekwa."

"Na gari?"

"Pia."

"Na hii je, tangu inunuliwe?"

Sikuwa na jibu. Kamera ile haikuwahi kufunguliwa hata mara moja kwa zaidi ya miaka ishirini.

Alinieleza jambo ambalo natamani kila mwenye kamera ya aina hii alijue. Ndani ya kamera kama ile mna mapazia mawili ya kitambaa. La kwanza hukimbia kuifunua filamu, la pili hulifuata na kuifunika. Kwa mwendo wa kasi, la pili huanza safari kabla la kwanza halijafika, hivi kwamba kinachopita mbele ya filamu ni ufa mwembamba tu wa mwanga. Mafuta ya ndani yakikauka na kugeuka ulimbo, la kwanza hukawia, na la pili hulifikia njiani na kuuziba ule ufa. Sikio halitambui lolote. Mlio ni uleule, ta, hali filamu haipati kitu. Kwa mwendo wa polepole dalili ni tofauti: weka sekunde moja, na utasikia gia zikikokota, pengine zikikwama kabisa. Hapo angalau sikio lina kazi.

Ikawa nimejifunza kinyume cha nilichokiamini. Kamera ya idara ilipozima ilinitangazia wazi kwamba imezima. Ile ya baba ndiyo iliyonidanganya siku nne mfululizo kwa mlio mzuri. Sakiti ikiwa nzima, huhesabu muda kwa usahihi ambao gia za miaka arubaini zisizopata mafuta haziwezi kuukaribia; na ikiharibika, aghalabu huharibika mara moja, nawe ukajua. Mashine ya springi huchakaa kwa siri. Wanaozisifu kamera za kimakanika kana kwamba ni mawe hawazitendei haki, maana sifa yake hasa ni kwamba zinatengenezeka.

Na hapo ndipo koo mbili hizi zinapoachana. Kamera ya springi ikikwama, fundi mwenye subira huifungua, huiosha, huitia mafuta haba mahali panapostahili, na kurekebisha mikazo ya springi. Asiye na subira huikaza springi tu ili mapazia yakimbie juu ya uchafu, na kamera hupona kwa mwezi mmoja kisha huharibika vibaya zaidi. Kwa hiyo muulize fundi atafanya lipi kati ya mawili hayo kabla hujamwachia chombo chako. Sakiti ya mwaka wa 1976, kwa upande wake, haiundwi tena na mtu. Ikiungua, dawa yake ni kuipata kamera nyingine ya aina hiyohiyo iliyokufa kwa ugonjwa tofauti, ukachukua kiungo chake. Nyaya zake, zilizochapwa juu ya utando mwembamba wa plastiki, hukauka na kukatika fundi anapozikunjua. Si kila kasoro ya ukoo huo ni ya sakiti, lakini: ile sauti ya kulia kama panya ambayo Canon AE-1 nyingi hutoa zinapobonyezwa ni gia za kioo zinazoomba tone la mafuta.

Ama ile mistari ya chungwa, chanzo chake kilinichekesha kwa uchungu. Ukingoni mwa mlango wa nyuma wa kamera nyingi za Kijapani hubandikwa vipande vya sponji ili mwanga usipenye. Sponji hiyo baada ya miaka kumi au ishirini huoza ikawa kama lami inayonata kidoleni, na nyingine kama hiyo hukaa mahali kioo kinapogonga. Mimi niliyekuwa nimetumia asubuhi nzima nikimrekodi mzee akieleza kukalafati, jinsi pamba inavyoshindiliwa kati ya mbao na kwa nini chombo kisichokalafatiwa kwa wakati hakipaswi kusingizia bahari, nilikuwa nimeshika mkononi chombo kisichokalafatiwa tangu kiundwe. Kazi yenyewe si ya kutisha. Lami huondolewa kwa kijiti na spiriti, kisha hubandikwa sponji mpya au hata uzi mweusi wa sufu. Mwanafunzi mwangalifu aweza kuifanya mwenyewe mezani kwake, mradi asiguse mapazia wala kioo.

Kuhusu betri yapo mambo mawili. La kwanza linaniuma. Ile betri ya volti 6 niliyoikosa kisiwani si chochote ila vidonge vinne vya betri ya LR44 vilivyopangwa kimoja juu ya kingine ndani ya ganda moja. Vidonge hivyo ndivyo vilivyomo katika vikokotoo na vitu vya watoto vinavyowaka taa, na duka lililokuwa hatua hamsini kutoka nilipolala lilijaa vitu vya watoto vinavyowaka taa. Karatasi ya kuviringishia na kipande cha jaribosi vingetosha.

La pili lahusu kamera za miaka ya sitini na sabini, mathalani Olympus OM-1, ambazo vipimamwanga vyake vilitegemea betri ya zebaki ya volti 1.35. Betri hizo zimeondolewa sokoni kwa sababu ya sumu yake; Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka wa 2013 na kuanza kufanya kazi mwaka wa 2017, ni sehemu ya jitihada hizo, na ni jambo jema. Lakini ukiitia kamera hiyo betri ya kawaida ya volti 1.5, sindano itasogea kama kawaida na kukupa jibu lisilo sahihi. Hapa tena ni uwongo wa kimyakimya. Wengine hutumia betri za vifaa vya kusaidia kusikia, ambazo volti zake zakaribia za zebaki, ila hazidumu. Wengine humwomba fundi arekebishe kipimamwanga chenyewe. Na iwe ni betri ya aina gani, usiihifadhi kamera ikiwa nayo ndani. Ikivuja, chumvi yake hula shaba, na hilo limeua kamera nyingi kuliko kuanguka.

Ndugu zangu wa pwani wana adui wa ziada, nayo ni kuvu. Katika unyevu wa Mombasa au Lamu, lenzi iliyofungiwa ndani ya mkoba wa ngozi huota nyuzi nyeupe kama utando wa buibui baina ya vioo vyake. Zikiwahiwa, husafishika, zikiachwa, hula ngozi ya kioo na alama yake haitoki. Mkoba wa ngozi ni wa kusafiria. Nyumbani, iache kamera mahali penye hewa na mwanga, au ndani ya chombo kinachofungika pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyotupwa na wanunuzi wa viatu.

Afrika haikukosa watu walioyajua haya kwa mikono yao. Malick Sidibé wa Bamako, aliyefariki mwaka wa 2016, dunia ilimtunza kwa picha zake: Tuzo ya Hasselblad mwaka wa 2003, na Simba wa Dhahabu wa Venice mwaka wa 2007. Lakini watu wa mtaa wake walimjua pia kwa jambo jingine. Alikuwa akitengeneza kamera, na studio yake ilijaa kamera kuukuu. Sidhani kwamba kazi hizo mbili zilikuwa mbili. Kwetu sisi, mpiga picha huheshimiwa kidogo na fundi wa kamera hakumbukwi kabisa. Fundi wangu wa ghorofa ya pili alifunga chumba chake mwaka wa 2019. Mwanawe anauza vifuniko vya simu pale pale, na biashara, anavyoniambia, ni nzuri. Bisibisi za mzee zimo kwenye mkebe chini ya meza. Huwa natazama mkebe huo kila nipitapo, kwa sababu ninazozijua ni namna mbili za kupoteza elimu: ya majahazi niliipoteza kwa uzembe wangu, na hii tunaipoteza sote tukiwa tumesimama kaunta tukichagua rangi ya kifuniko. Mafundi wengine bado wapo, ni wa kuhesabu, na hawafundishi mtu kwa sababu hakuna anayeomba kufundishwa.

Basi nilimwambia yule mwanafunzi afunge mlango wa ofisi. Tuliitoa lenzi ya babu yake na kuitazama dhidi ya taa: kuvu kidogo ukingoni, si haba. Tulifungua mgongo, sponji ilibaki kidoleni mwake kama lami. Nikaweka sekunde moja, tukasikiliza pamoja, ikakokota na kufika. Nikaweka 1/1000 na kumwelekeza dirishani. Aliweka jicho, nikabonyeza. Aliniomba nibonyeze tena. Upande wa kushoto haukuwaka.

Nilimwonyesha kwamba kwa 1/125 mraba wote unawaka, na kwamba angeweza kuanza nayo hapo kwa mazoezi, jua likiwa la kadiri na filamu ikiwa ya 100. Kisha nikamuuliza alikusudia kupiga picha za nini. Akasema nyanya yake anatimiza miaka 91 mwezi wa Desemba, na ukoo wote utakuwapo. Nilimwandikia jina na simu ya fundi mmoja aliye Nairobi bado, nikampigia mstari neno 'kuosha' na kulikata neno 'kukaza', nikamwambia aende Jumamosi hiyohiyo.